Mchumba wa kuazima

Mama kila simu ni "mkwe wangu yuko wapi?" Nikaona isiwe tabu: nikamwomba jamaa mmoja wa dukani pale Mwanga, Kigoma, tushuke naye Ujiji, ajifanye mchumba. Tukapanga uongo wetu vizuri, eti tulijuana kwenye treni ya Tabora. Nauli na soda juu yangu.

Mama akatenga ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Jamaa huyo, anachambua miiba taratibu, anamsogezea baba minofu! Hilo hatukulipanga. Baba, ambaye salamu yangu huiitikia kwa kikohozi, akamuuliza, "Wazee wako wanakuja lini?"

"Hata kesho, mzee."

Nikamfinya, wala hakushtuka. Jana mshenga kabisha hodi, wa kweli kabisa. Nimesema kwanza nirudishiwe hela ya soda.