Nilivyochagua injini ya mtumba baada ya konrodi kukatika

Gari langu, Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, lilikatika konrodi, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), katika barabara ya Tabora kwenda Urambo, na kipande chake kikatoboa bloku, yaani mwili wa injini. Fundi mmoja mjini Tabora alishauri tundu lichomelewe na konrodi moja ya mtumba ifungwe. Nilikataa, na bado naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu bloku hiyo ni ya alumini, isiyochomelewa kirahisi, na konrodi si kipuri cha kuokoteza. Kiwandani hufuliwa kwa chuma cha moto, na tundu lake kubwa linaloshika krenki huchongwa kipimo cha mwisho kofia, yaani kipande cha chini kinachofunga tundu hilo, ikiwa imeshafungwa. Katika injini nyingi za kisasa kofia hiyo haikatwi, bali huvunjwa makusudi ili nyuso mbili zilizopasuka zishikane zenyewe kwa zenyewe. Kofia ya konrodi nyingine haiwezi kukaa hapo.

Nilisafiri hadi Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta injini nzima ya mtumba, nikiwa na fundi ninayemwamini. Konrodi mara nyingi hukatika baada ya beringi zake kukosa oili, hivyo nilitaka injini ikaguliwe kuanzia chini, wakati wauzaji wengi hupenda kuonyesha sehemu ya juu iliyokwisha kuoshwa. Muuzaji wa kwanza hakutaka sampu, bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe, tukaondoka. Wa pili aliruhusu: mabaki ya oili hayakuwa na chembe za chuma zinazong'aa, konrodi zote nne hazikuwa na rangi ya bluu inayoachwa na joto kali, na fundi alipozungusha krenki kwa spana ilikwenda mzunguko mzima bila kukwama. Kisha plagi zote zilitolewa, tukapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, kwa kutumia betri na stata. Nilisisitiza kipimo hiki, kwani silinda inayosoma chini sana kuliko nyingine huenda ina ringi zilizochoka, vali zisizofunga, au konrodi iliyopinda baada ya maji kuingia juu ya pistoni. Zote nne zilikaribiana, nikainunua.

Tabora tulibadilisha sili za krenki na pampu ya maji kabla ya kuifunga, kisha tukaizungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili ikazimika. Risiti yenye namba ya injini niliitunza, maana kadi ya gari ilikuwa na namba ya injini ya zamani na ilibidi irekebishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).