Susana Hakuulizwa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Somo la kwanza la Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima, Danieli 13, ni refu kuliko masomo mengi ya siku za kazi, na labda kwa sababu hiyo wengi wetu hapa Tabora hulisikiliza kama kisa cha kijana mwerevu, Danieli, aliyewaumbua wazee wawili waliomsingizia mwanamke aitwaye Susana, kwa swali moja kuhusu mti waliodai kumwona akizini chini yake. Mmoja alitaja mti huu, mwenzake akataja ule. Ni kama mmoja angesema mwembe na mwingine mninga, miti ambayo hapa kwetu hata mtoto haichanganyi. Tunatabasamu, tunaondoka. Mwaka huu naomba tukae na Susana mwenyewe, kwa kuwa yaliyompata yanagusa jambo ambalo jumuiya zetu hulishughulikia vibaya, yaani tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia, hasa zinapomhusu mtu tunayemheshimu.

Bustanini Susana ndiye aliyedhulumiwa, maana wazee walimtishia kwamba asipolala nao watamzushia uzinzi. Barazani ndiye mshtakiwa, aliyekaribia kuuawa kwa kosa ambalo hakulitenda. Kwa hiyo anayetafuta humu hoja ya kwamba wanawake husingizia hataipata, na anayetafuta hoja ya kwamba kila anayeshtaki asadikiwe papo hapo hataipata pia, kwa sababu walioshtaki ndio waliokuwa waongo. Kusanyiko liliwaamini, na Maandiko hayafichi sababu: walikuwa wazee wa watu na waamuzi. Cheo ndicho kilichotoa ushahidi. Danieli alichofanya ni kuwarudisha watu barazani, kuwatenga mashahidi na kumhoji kila mmoja peke yake. Ni kweli kwamba aliwakaripia hata kabla hawajajibu, lakini yeye Mungu alikuwa amemwamsha roho. Sisi tuanze kwa kuiga maswali yake, makaripio yatasubiri.

Nayasema haya nikiwa na deni. Miaka mingi iliyopita, katika parokia ambayo sitaitaja, nilikuwa katibu wa kikao kilichoitishwa baada ya binti wa kwaya kusema kwamba mwalimu wake alimshika kwa namna isiyofaa. Tulikuwa watu wazima tisa, naye tulimsimamisha katikati yetu huku mama yake akisubiri nje. Mimi niliyeshika kalamu ndiye niliyemwuliza, "Mbona hukupiga kelele?" Alitazama chini, nami nikaandika kwamba hana maelezo. Sikukumbuka kwamba Susana alipiga kelele kwa sauti kuu, na wazee nao wakapiga kelele, na zao ndizo zilizosadikiwa. Mwalimu hakuitwa kabisa. Habari alizipata kwenye kundi la simu, akiwa tayari amehukumiwa na nusu ya parokia iliyokuwa ikisema "lisemwalo lipo", wakati nusu nyingine, iliyopenda kwaya yake, ilikuwa ikisema "funika kombe mwanaharamu apite". Binti aliacha kwaya, mwalimu akahama mji, na hadi leo sijui ukweli ulikuwa upi, kwa kuwa hakuna kati yetu tisa aliyefanya kazi ya kuutafuta.

Nimezitafakari sana methali hizo mbili. Zinaonekana kupingana, lakini zote mbili humwondolea msikilizaji mzigo wa kuuliza.

Kufunika kombe ndiko alikofanya Absalomu katika 2 Samweli 13, alipomwambia dada yake Tamari, aliyebakwa na Amnoni, anyamaze kwa kuwa Amnoni ni ndugu yake. Mfalme Daudi, baba yao, alisikia, akakasirika sana, na hasira yake ikaishia hapo. Tamari alibaki nyumbani kwa kaka yake katika ukiwa. Baada ya miaka miwili mizima Absalomu aliamuru Amnoni auawe karamuni, na hapa ndipo ninaposimama kila ninaposoma sura hiyo: ukimya ule tunaodhani ulimlinda Amnoni ulimnyima hata baraza ambalo angesimama, akasomewa kosa lake, akajibu na kuadhibiwa kwa haki. Wale tunaopenda kuyamaliza mambo nyumbani, kwa mbuzi na maneno matamu ya wazee, tuisome tena.

Sheria ya nchi yetu, kwa namna yake, imebeba pande zote mbili. Katiba, Ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 nayo iliruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi mahakama iridhike, kwa sababu ilizoziandika, kwamba anasema kweli. Sioni mgongano hapo. Kwa kosa la kubaka, ambalo adhabu yake kwa kawaida haipungui miaka 30, ni haki neno la mwathirika lisidharauliwe, na ni haki vilevile lipimwe na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kupima. Kanisa limesema jambo linalofanana: Mei 2019 Papa Fransisko aliwaagiza mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji kwa mamlaka ya Kanisa, akataka waliojeruhiwa wasikilizwe na kusaidiwa, na papo hapo anayechunguzwa ahesabiwe kuwa hana hatia.

Kwa hiyo kikao cha jumuiya kisijigeuze mahakama. Mtoto akisema jambo, asikilizwe na mtu mmoja anayemwamini, kisha apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Aliyebakwa afikishwe hospitali mapema, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Mtuhumiwa apumzishwe huduma inayomkutanisha na watoto, na itangazwe wazi kwamba kupumzishwa si hukumu. Aambiwe yeye mwenyewe, kwa heshima, kabla majirani hawajajua. Na makundi ya simu yanyamaze. Hili la mwisho najua ndilo litakalotushinda.

Tukikutana jumuiyani, naomba msomaji atusomee Danieli 13 polepole, kuanzia pale Susana anapoletwa barazani na kuamriwa afunuliwe uso ili wazee waushibie uzuri wake. Tusikilize kama kuna mahali ambapo mtu yeyote, hata Danieli, anamgeukia na kumwuliza yeye lililompata bustanini. Nimepatafuta mara tatu, sijapaona.