Insha ya kushawishi: anza na anayekupinga
Mdogo wangu yuko fomu foo hapa Ujiji, kapewa mada ya insha, Ziwa Tanganyika lifungwe kwa muda kila mwaka watu wasivue, au lisifungwe, na kama wengi akakimbilia utangulizi, nusu ukurasa anasifia tu ziwa lilivyo refu na kina chake. Nikamwambia hiyo weka pembeni, kwanza niandikie sentensi moja unataka nini. Akaandika: lifungwe, ila mvuvi apewe cha kushika. Hapo sasa kuna insha.

Halafu nenda kwa anayekupinga. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, sasa mama anayeanika dagaa pale mwaloni Kibirizi atakuuliza watoto wangu wale nini, na ukimkwepa huyo basi msomaji kashakutoka. Mjibu mapema, tena kwa heshima. Mi hoja nzito kabisa naiweka mwisho, inayoifuatia kwa uzito inatangulia, ile dhaifu ifiche katikati au ifute (walimu wanapenda hoja tano, sijui kwa nini). Kila hoja na aya yake, na mfano unaoshikika. Utangulizi uandike ukishamaliza vyote, mistari minne inatosha.