Shuka za kabini ya mwisho

Jumapili, saa tano usiku. Umeme ndio umerudi sasa hivi, wacha niandike kabla usingizi haujanishika.

Leo mchana mtoto wa dadangu kaja na kontrakti yake. Amepata meli, zile kubwa za watalii. Miezi nane, msaidizi wa stiwadi wa kabini, yaani mtu wa kusafisha vyumba vya abiria, kazi niliyoifanya mimi, anapandia Miami. Mamake keshatangaza, Kisauni nzima inajua, na pilau ilikuwa jikoni tangu asubuhi. Akaja akaketi nami barazani na simu yake mkononi, haya anko nipe siri za meli. Nikajua tu ataanza na nini, na kweli, la kwanza tipu ni ngapi, la pili maharamia.

Maharamia! Kila mtu hapa nyumbani huniuliza hilo. Si ajabu, Mombasa tunaikumbuka ile meli ya watalii Seabourn Spirit ya Novemba 2005, ilikuwa yaja hapa kwetu, alfajiri iko nje ya Somalia vikatokea viboti viwili vina watu wa bunduki na roketi, nahodha akaongeza mwendo, sekuriti wakawafyatulia kile kidude cha sauti kinachopasua masikio, wakanusurika, na meli ikakata kona kuelekea Shelisheli. Mimi wakati huo nauza vinyago karibu na Fort Jesus, na kilichoniuma, Mungu anisamehe, ni wateja niliowakosa.

Lakini miaka yangu sita ya meli, kuanzia 2007, haramia sikumuona hata kwa darubini. Ubaya niliouona mimi ulipanda ngazi mchana kweupe na tiketi mkononi, au ulivaa sare kama yangu.

Mwingi ulikuwa wa pombe. Watu wamelipia kinywaji cha wiki nzima kwa mkupuo basi wanakunywa kama wanadaiwa, saa nane za usiku wanapigana ngumi mbele ya pizza. Kuna mama alinishtaki nimemuibia saa ya dhahabu, sekuriti wakapekua mpaka soksi zangu, wakatoa ile karatasi ya mlango, maana kufuli ya kabini inaandika kila kadi iliyofungua na dakika yake, nikaulizwa maswali kama mshtakiwa wa mauaji. Kumbe saa iko ndani ya kiatu chake mwenyewe, aliificha akasahau. Samahani hakusema, aliniachia dola 20 juu ya mto. Nilizichukua.

Hiyo nilimsimulia kijana akacheka sana. Ya pili nilikawia kidogo.

2009, tuko baharini, bandari inayofuata ni kesho yake. Asubuhi nasukuma gari langu la shuka, nikafika mwisho wa koridoo nikamkuta msichana amekaa chini kwenye zulia, mgongo ukutani, mguu mmoja una kiatu mmoja hauna. Alikuwa abiria wangu, alikuwa anasafiri na wazazi, wao kabini ya pili yake. Hakuwa analia. Akaniambia, naomba usiniguse. Wala sikuwa nimemsogelea. Nikapiga simu kwa supavaiza, akaja, akamchukua pole pole akampeleka kwa daktari, halafu akarudi mbio akaniambia kwa sauti ya chini, fanya hicho chumba, wazazi wakirudi wakikute kizuri.

Nikafanya. Shuka ilikuwa imechanika pembeni na ina doa la damu, dogo tu, kama shilingi. Hereni moja iko chini ya mto, nikaiweka kwenye kisahani karibu na taa. Glasi mbili nikazitoa nikaziosha. Nikapiga dawa bafuni. Nikatandika, nikavuta pembe zikakaza kama nilivyofundishwa, na nilipomaliza, mikono ikiwa inajiendea yenyewe, nikakunja taulo likawa tembo, nikamweka katikati ya kitanda. Tembo kabisa, na mkonga juu.

Baada ya saa moja hivi sekuriti wakaja na kamera. Wakasimama mlangoni wakanitazama. Nani amesafisha? Mimi. Nani alikwambia? Nikamtazama supavaiza, supavaiza akatazama zulia. Nikaandika statement yangu na jina lake sikulitia, kontrakti ilikuwa imebaki miezi mitatu na dadangu nilikuwa namlipia karo. Glasi mbili zile sikuziandika pia, hakuna aliyeuliza. Kesho yake familia ikashuka na mabegi yote. Sijui iliishia wapi, sisi wa chini hatuambiwi mwisho wa kitu.

"Sasa anko si kuna polisi?" Polisi gani babangu? Meli inamilikiwa na watu wa Marekani, bendera ya Bahamas au Panama, mtuhumiwa labda ni wa nchi ya tatu, aliyeumizwa ni wa nchi ya nne na mko kwenye maji ambayo si ya mtu. Wa kwanza kuchunguza ni sekuriti wa kampuni ileile. 2011 kuna msichana wa Kiingereza, mfanyakazi wa meli ya Disney Wonder, alipotea baharini upande wa Mexico, bendera ni ya Bahamas, basi Bahamas wakatuma askari mmoja. Mmoja, kwa meli yenye maelfu ya watu.

Halafu kuna ile inayoninyima usingizi zaidi, nilikuja kuijua nimeshaacha meli. 2004, Merrian Carver, Mmarekani, alipanda meli ya Mercury kwenda Alaska, akatoweka. Stiwadi wake aliona kitanda hakilaliwi, akaripoti kwa mkubwa wake siku baada ya siku, akaambiwa wewe fanya kazi yako. Safari ikaisha, vitu vyake vikakusanywa, na FBI, wale wapelelezi wa serikali ya Marekani, hawakuambiwa. Babake, Kendall Carver, ndiye aliyefukunyua mwenyewe kwa pesa zake, akaanzisha chama cha waathirika, na kelele zao ndizo zilizozaa ile sheria ya Marekani ya 2010 aliyotia saini Obama. Vizuizi vya deki visipungue inchi 42, mlango wa kabini uwe na kitundu cha kuchungulia, daktari awe na vifaa vya kumpima aliyebakwa, FBI waarifiwe, na kwenye meli awepo mtu aliyefunzwa kutunza ushahidi. Kwa meli zinazotia nanga Marekani lakini, si zote. Yule stiwadi sijui aliitwa nani. Yeye angalau alisema.

Sisi tuliitwa klasi baadaye, tukaonyeshwa picha ya kabini iliyovurugika, tukaambiwa usiguse, toka, funga, piga simu. Nilikaa mstari wa nyuma.

Basi nikamwambia kijana hivyohivyo. Usiguse, toka, funga, na sekuriti uwapigie wewe mwenyewe, usingoje supavaiza, na saa uiandike kwenye karatasi yako. Akanisikiliza vizuri, ana adabu huyu mtoto. Akauliza, "Na supavaiza akisema nisafishe?" Nikasema ukatae. "Ulikataa?" Nilikuwa nishamsimulia, kwa hivyo sikujua anauliza kweli au ananichoma. Mamake akatuita kula.

Baada ya pilau akaleta taulo la bafuni, lile la bluu, ati kwenye intavyuu waliulizwa kama wanajua kutengeneza wanyama, nimfundishe tembo. Nikamwonyesha nyani, yule wa kuning'inia kwenye hanga. Kakunja mara nne mpaka mikono ikakaa sawa, akampiga picha akamtumia mpenzi wake. Na tembo anko? Nikamwambia mgongo unauma, tembo kesho.