Watoto wa Yonathani wako wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Baba watoto amerudi. Wengi mlituona Jumapili pale mbele ya madhabahu, kwa hiyo habari hiyo mnayo. Naanza nayo kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi wiki nzima, na si kwa furaha peke yake.

Mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa Berberati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na wenzake wa jeshi letu la Tanzania, JWTZ, wanaolinda amani kule. Aliondoka kitindamimba wetu akiwa na miezi saba, ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Kwetu ikiwa saa mbili usiku, watoto wameshaoga na kula, kwao ni saa kumi na mbili jioni, naye kama hayuko lindo anapiga. Hivyo ndivyo tulivyosali muda wote huo: simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, watoto wamepiga magoti mbele yake, na mtandao ukikatika katikati ya Baba Yetu tunamalizia wenyewe.

Siku aliyofika nilimsukuma mdogo taratibu, nikamwambia, "Baba huyo amekuja, nenda kamwamkie baba." Akamtazama yule mtu mrefu mwenye kombati aliyesimama mlangoni na begi lake. Akageuka, akaenda mezani, akachukua simu yangu, akamletea. Akamwonyesha kioo cha simu, akasema, "Baba."

Mume wangu akachuchumaa, akaipokea simu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sadaka. Akasema, "Asante, mwanangu, nimemwona." Kisha akatoka uani, nikasikia bomba la maji limefunguliwa muda mrefu.

Dada yake ana miaka tisa. Huyo alimkumbuka baba yake vizuri, akamrukia. Lakini usiku baba alipofunga milango, dakika chache baadaye nikamwona binti anatoka chumbani kwa ncha za vidole, anakwenda kujaribu komeo moja baada ya jingine. Ndiyo kazi aliyojipa tangu baba alipoondoka, hakuna aliyemtuma. Wake wa wanajeshi mnaosoma mnaelewa ninachosema. Mume hurudi siku moja, nyumba huchukua miezi kumpokea.

Basi Jumapili tukatoa shukrani. Kwaya ikaimba, akina mama mkanizunguka na kanga, nikapewa kipaza sauti nikashuhudia. Nilisema, "Mungu amemlinda mume wangu kwa sababu tuliomba, na Mungu wetu hawezi kuwaaibisha wamwombao." Mkasema amina. Nami nilimaanisha.

Usiku ule, watoto wamelala, mume wangu akaniuliza swali dogo tu. Akamtaja rafiki yake, yule waliyeanza naye ukuruta, wakalala vitanda viwili vilivyopandana, wakasimamiana kwenye ndoa. Akauliza, "Watoto wake wako wapi siku hizi? Mara ya mwisho uliwaona lini?"

Nilinyamaza. Mara ya mwisho nilipowaona ilikuwa arobaini ya baba yao. Sasa ni miaka miwili na miezi.

Mnamkumbuka baba yao, yule Koplo? Aliimba besi kwenye kwaya yetu. Hakufa kwa risasi. Alirudi salama kutoka misheni, akakaa miezi minane, akaugua siku kumi na moja, akafia wodini. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais anapoweka mkuki na ngao mnarani, wengi wetu tunawaza waliokufa vitani, na ni haki yao. Nani anamkumbuka askari aliyekufa kwa homa? Na baada ya msiba kuna mambo ambayo hatuyaoni sisi tunaoondoka na mabasi. Kota ni za askari aliye kazini, kwa hiyo mjane hufungasha. Kuna cheti cha kifo, kikao cha ukoo, muhtasari, kisha Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi, na kila mahali aambiwe arudi kesho. Dada yetu alizunguka na bahasha hiyo peke yake, mtoto mgongoni.

Nami nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nilimwahidi tutakuwa pamoja. Kwa nini sikwenda? Nimejiuliza wiki nzima mbele za Mungu, na jibu lenyewe ni la aibu. Mume wangu aliitwa kwenda Afrika ya Kati baada ya msiba ule, nami nikaanza kumwogopa yule mama. Niliogopa kumtazama usoni, kana kwamba ujane unaambukiza, kana kwamba nikikaa kwenye mkeka wake nitaondoka nao. Mimi, niliyeokoka, ninayeongoza maombi ya Jumatano! Nilikuwa nikimwombea kwa jina, lakini kwa mbali.

Na ushuhuda wangu wa Jumapili ukanirudia. "Kwa sababu tuliomba." Je, yeye hakuomba? Tulipiga magoti pamoja kwenye zulia moja. Alifunga siku nyingi kuliko mimi. Kama angekuwa amekaa benchi la nyuma Jumapili ile, angesikia nini kinywani mwangu, kama si kwamba maombi yake yalipungua mahali? Wapendwa, hapa naomba nikemee, na nianze na kinywa changu. Tumshukuru Mungu kwa nguvu zote, lakini tusiupande ushuhuda wetu juu ya kaburi la mtu mwingine. Petro alitolewa gerezani na malaika, na katika sura hiyo hiyo ya 12 ya Matendo Yakobo, ndugu yake Yohana, aliuawa kwa upanga. Kanisa ni lile lile. Unadhani Yakobo hakuombewa? Mshukuru Mungu kwa rehema, sema "amenirehemu", ushukuru kwa machozi, na uishie hapo.

Usiku ule sikulala. Saa tisa nikafungua 2 Samweli 9, kwa sababu swali la mume wangu nilikuwa nimelisikia mahali. Daudi ndiye aliyeliuliza: je, amesalia mtu awaye yote wa nyumba ya Sauli, nipate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani? Yonathani, mwana wa Sauli, alikuwa rafiki yake wa moyo. Sura hii tumeihubiri sana kama mfano wa neema, na ni sahihi. Mimi safari hii niliisoma kama mke wa askari.

Rudi kwanza sura ya 4, mstari wa 4. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano habari za kufa kwa baba yake na babu yake vitani zilipokuja kutoka Yezreeli. Yaya wake akamchukua akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akawa kiwete. Upanga wa Wafilisti haukumgusa. Aliumizwa na habari, na haraka ya mtu mzima aliyeogopa.

Niliposoma hapo nikaiona asubuhi moja ya Desemba 2017. Usiku wa tarehe 7 waasi walivamia kambi ya walinda amani Semuliki, kule Beni, Kivu Kaskazini. Tulipoteza askari 15, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Habari zilishuka kota Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe za Uhuru. Majina yalikuwa bado. Tulikuwa bombani na ndoo zetu, simu moja ikalia, kisha nyingine, na jirani mmoja ambaye mumewe alikuwa Kongo akaacha ndoo, akamnyakua mtoto wake, akakimbia kuelekea getini, mtoto ananing'inia na kiatu kimoja. Mumewe alikuwa hai, ashukuriwe Mungu. Lakini mtoto yule kwa muda mrefu alikuwa akisikia simu ikiita anaingia chini ya meza. Kwa hiyo Mefiboshethi si mgeni kwangu. Nimeishi naye kota.

Halafu kuna jambo sikuwahi kuliona. Daudi alipomtuma mtu Lo-debari, nyumbani kwa Makiri, Mefiboshethi tayari alikuwa na mwana mdogo jina lake Mika. Umelisoma hilo? Ni mstari wa 12. Mtoto wa miaka mitano amekua, ameoa, amezaa. Daudi, aliyemlilia Yonathani kwa wimbo mzima, aliyemwapia kwamba hatawakatia fadhili watoto wake, alichelewa miaka mingi hivyo. Kulikuwa na vita, kulikuwa na kiti cha enzi, kulikuwa na shughuli. Kiapo kilikuwepo na mtoto alikuwepo, bali hakuna aliyekwenda. Sisemi haya nipate kivuli cha kujificha. Nasema kwa sababu hatimaye aliuliza, na alipouliza hakuona haya ya kuchelewa. Akatuma mtu.

(Na huyo Makiri, mtu wa Lo-debari ambaye hatumhubiri kabisa! Ndiye aliyemlisha mtoto wa Yonathani miaka yote hiyo bila tarumbeta. Na Daudi alipomkimbia Absalomu jangwani, ni nani aliyemletea vitanda, vyungu, unga, kunde, asali? Soma 2 Samweli 17:27. Makiri yule yule. Kama una Makiri kwenye jumuiya yako, anayekaa na watoto wa marehemu na hasemi, mpelekee soda.)

Akina mama wenzangu, sisi ni hodari wa msiba. Tunajua kupika sufuria za wali kwa watu mia mbili, tunajua kuchanga na kuandika daftari, tunalala chini siku tatu. Nani anafikia mwezi wa tano? Waraka wa Yakobo unasema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kwenda. Nilikuwa natuma elfu kumi kwenye simu siku za Krismasi, nikaona nimemaliza. Fedha ile ilimfaa, najua, lakini haikumtazama usoni.

Jumamosi tukapanda daladala Gongo la Mboto mpaka Chanika, familia nzima. Niliandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima. Dada alifungua pazia, mikono yake ina unga wa maandazi hadi viwiko, akanitazama kwa muda. Maneno yangu yakapotea yote. Nikasema tu, "Dada, nilikuogopa." Akasema, "Najua, mama. Hata mimi ningejiogopa." Tukalia pale pale mlangoni, unga ukaniganda mgongoni.

Kijana wake mkubwa sasa ana miaka saba. Alikuwa na mitano baba alipofariki. Alikaa mbali na mume wangu, kisha akaingia ndani akatoka na mkanda wa jeshi, ule mpana wa kijani, amefunga fundo ili umtoshe. "Wa baba," akasema. Mume wangu akaushika kifungo chake, akaanza kucheka peke yake. Akamwambia, "Unajua baba yako alikuwa anaogopa nini? Chura."

Mtoto akakaza macho.

"Chura kabisa. Tulikuwa kuruta, masika, usiku. Chura ameingia kwenye buti lake. Asubuhi filimbi imelia, anavaa, akamgusa kwa kidole cha mguu. Aliruka akapanda kitanda cha juu, akanikanyaga mimi, akapiga kelele mpaka afande akaja. Tulibingirika kwenye tope kombania nzima kwa ajili ya chura wa baba yako."

Kijana alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akasema, "Rudia." Akarudiwa. Akataka na ya tatu, akauliza chura alikuwa mkubwa kiasi gani, alikuwa rangi gani, baba alisema maneno gani hasa. Mama yake alikuwa ameacha maandazi, amesimama na mwiko. "Miaka yote ya ndoa," akasema, "hakuniambia habari ya chura."

Hapo ndipo niliposhikwa. Mirathi ile iliyogawiwa mahakamani haikuwa yote. Sehemu yake alikuwa nayo mume wangu, imekaa kifuani kwake, na warithi walikuwa Chanika wanaisubiri bila kujua kama ipo. Biblia inasema Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme daima. Haisemi walizungumza nini. Lakini duniani kote hakukuwa na aliyemjua Yonathani kama Daudi. Mtu aliyempoteza baba akiwa na miaka mitano ameketi kila siku na mtu ambaye Yonathani alimvulia joho lake na upanga wake na upinde wake na mshipi wake. Nadhani aliuliza. Nadhani alisema, "Rudia."

Wewe unayesoma, marehemu rafiki yako alikuwa na watoto. Unajua alivyocheka. Unajua wimbo alioupenda, unajua siku aliyokukopesha nauli, unajua alivyosema jina la mwanawe siku alipozaliwa. Picha uliyonayo kwenye simu yako pengine mtoto wake hajawahi kuiona. Unaitunzia nani? Usisubiri uwe na mchele wa kupeleka. Nenda na hadithi. Nenda umechelewa hivyo hivyo.

Tulipokuwa tunakunywa chai watoto wa marehemu walikuwa wamempanda mume wangu, mmoja begani, mwingine gotini, wanataka habari nyingine. Kitindamimba wangu alikuwa kwangu, anatazama. Wiki nzima alikuwa hamkaribii. Akateremka, akapita katikati ya vikombe, akamsukuma mwenzake gotini kwa mikono yote miwili, akapanda. Simu ilikuwa mkekani, hakuigusa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda tena. Ninaomba viongozi wa jumuiya mniandikie majina ya wajane na watoto waliohama usharika baada ya misiba, na wanakokaa sasa kama mnapajua. Mwenye wimbo wowote wa kwaya aliorekodi Koplo yule akiimba besi, anitumie kabla ya siku hiyo.