Ruzuku ya mji ya kukarabati mbele ya duka: usiguse ukuta kabla ya mkataba

Miji mingi ya Marekani iliyotenga maeneo ya kuhuishwa hutoa ruzuku kwa majengo ya biashara ili upande unaotazama barabara utengenezwe: madirisha ya duka, mlango, matofali, rangi, kibao, taa, kivuli cha turubai. Wanaozikosa fedha hizi mara nyingi mradi wao ulikuwa mzuri tu, ila tarehe ziliwaponza. Kazi iliyoanza kabla ya mkataba wa ruzuku kutiwa sahihi hailipwi. Tena programu nyingi huhesabu hata malipo ya awali ya kuagizia vioo kuwa ni kuanza kazi. Fundi akikuambia bei itapanda mwezi ujao, mwache asubiri.

Kwanza hakikisha jengo limo ndani ya mpaka. Katika maeneo mengi ya namna hii fedha hutokana na kodi ya majengo: thamani ya majengo ya eneo siku mpango unapopitishwa huwekwa kuwa msingi wa hesabu, na kodi inayotokana na ongezeko la thamani baada ya hapo huenda kwenye mfuko wa kuhuisha eneo hilohilo. Ndiyo maana duka la upande huu wa barabara linaweza kupata na la ng'ambo likakosa. Usitegemee jina la mtaa. Peleka namba ya kiwanja, waiangalie kwenye ramani. Sheria nazo ni za kila jimbo. California ilianza kutumia njia hii mwaka 1952, lakini mashirika yake ya kuhuisha miji yalivunjwa Februari 2012, kwa hiyo maelekezo ya zamani ya huko hayatakufaa.

Sasa hesabu. Ruzuku nyingi hulipa sehemu tu ya gharama zinazokubalika, mara nyingi nusu, tena hadi kikomo fulani, na hulipa baada ya kazi kwisha. Chukua mradi wa dola 40,000 ambao ndani yake mna dola 6,000 za paa na dola 4,000 za kupaka rangi ndani. Kama programu hailipi paa wala ndani, gharama inayokubalika ni dola 30,000, nusu yake 15,000. Mwishoni utakuwa umetoa 25,000 mfukoni mwako, lakini kabla ya hapo lazima uwe na 40,000 zote za kuwalipa mafundi. Panga mkopo wa muda mapema, na umwambie mkopeshaji kwamba fedha za mji zitakuja nyuma.

Uliza pia fedha zinatoka mfuko gani. Zikiwa za shirikisho kupitia CDBG, yaani ruzuku ya serikali kuu kwa maendeleo ya jamii, mkataba wa ujenzi unaozidi dola 2,000 kwa kawaida huingia chini ya sheria ya Davis-Bacon: mafundi walipwe viwango vya mshahara vilivyowekwa na serikali, na mkandarasi alete taarifa ya mishahara kila wiki. Mkandarasi aliyetoa bei bila kujua hili ataipandisha au ataondoka. Liandike kwenye maelezo ya kazi kabla hujaomba makadirio, na maelezo hayo yawe yaleyale kwa wakandarasi wote. Mmoja akipigia bei ya kioo cha tabaka mbili na mwingine cha tabaka moja, mji hauna cha kulinganisha na utakurudisha mwanzo.

Kwenye matofali ndiko fedha nyingi huharibikia. Jengo la zamani mara nyingi limejengwa kwa tofali laini na mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) ya chokaa. Kwaruza kiungo kwa msumari: kama mota inatoka unga kirahisi, usikubali izibwe kwa mota yenye saruji nyingi. Mota inatakiwa iwe laini kuliko tofali, ili ukuta unapotanuka na kusinyaa kiungo ndicho kiumie. Ukiweka mota ngumu, unyevu hautoki kupitia kiungo, hutoka kupitia tofali. Ikija baridi kali maji huganda humo na uso wa tofali hubanduka kama ganda. Kiungo huzibika tena, tofali lililobanduka halirudi. Mota ya zamani ichimbuliwe hadi kina cha mara mbili au mbili na nusu ya upana wa kiungo, kisha mpya ishindiliwe kwa matabaka ya robo inchi. Anayepaka juujuu anakuuzia kazi ya misimu michache.

Kusafisha kwa kupuliza mchanga kataa kabisa. Kunaondoa ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na tanuri, na kwenye jengo la kihistoria kunaweza kukukosesha idhini. Anza na maji ya msukumo mdogo, kama paundi 100 kwa inchi ya mraba, kwenye kipande kidogo cha kona kisichoonekana.

Ukiona ufa wa kulala juu ya dirisha, shuku linta ya chuma, yaani boriti inayobeba matofali juu ya dirisha. Kutu huvimba na kuinua matofali. Kuziba ufa bila kushughulikia chuma ni kupoteza ruzuku. Na tazama maji yanatoka wapi. Mfereji wa paa uliotoboka utaharibu ukuta mpya, ilhali programu nyingi hazilipi paa. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ina kasoro, lakini ndivyo ilivyo: rekebisha paa kwa fedha zako kwanza, ukuta ufuate.

Ukibadilisha mlango, sheria ya ADA, ya haki za watu wenye ulemavu, inataka nafasi wazi ya inchi 32 mlango ukiwa umefunguliwa nyuzi 90. Bawa la mlango la inchi 36 hutosha. Mabawa mawili ya inchi 30 yanapendeza kwenye mchoro, lakini bawa moja likifunguliwa halifikishi inchi hizo. Kizingiti kisizidi nusu inchi. Kibao au turubai juu ya njia ya miguu iache angalau inchi 80 za kupita kichwa, na miji mingi hudai zaidi pamoja na kibali chake cha kuning'inia juu ya barabara.

Mpangaji huhitaji idhini ya maandishi ya mwenye jengo, na kodi ya majengo inayolipwa serikalini isiwe na deni. Piga picha kabla, za mchana, ukisimama mahali utakaposimama tena mwishoni. Lipa kwa hundi au benki. Malipo ya taslimu bila risiti huwa hayatambuliwi. Ukitaka kubadilisha chochote katikati, hata rangi, pata kibali cha maandishi kwanza.

Soma kifungu cha matunzo kabla ya kutia sahihi: mikataba mingi hukufunga miaka kadhaa, na ukiuza jengo au kuibomoa kazi mapema hudai sehemu ya fedha irudi. Ruzuku ya mji kwa biashara pia kwa kawaida huhesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi, hivyo mwonyeshe mhasibu mkataba katika mwaka uleule unaolipwa.