Kodi ya nyumba tupu, na sie wa Paje na Jambiani

Jamani hili suala la nyumba za likizo linaniuma wacha niliseme. Masika ukipita vijiji vyetu vya pwani hapa Zanzibar, Paje au Jambiani, unakuta majumba yamefungwa kufuli, ndani vitanda, feni, kila kitu, anayelala pale ni mlinzi tu. Na mwalimu aliyepangiwa skuli ya hapo hapo anatafuta chumba mpaka anachoka, vinavyopatikana bei zinatajwa kwa dola, mwisho anapanda daladala kila siku kutoka mjini.

Wenzetu wa Vancouver, kule Kanada, walianza kodi ya nyumba tupu 2017. Nyumba isiyokaliwa wala kupangishwa angalau miezi sita kwa mwaka, mwenyewe alikuwa analipa asilimia 1 ya thamani yake, sasa imefika 3. Yaani nyumba ya dola 1,000,000 unatoa dola 30,000 kila mwaka kwa kuifunga tu! Na pesa zile zinakwenda kwenye nyumba za bei nafuu. Mie naiunga mkono kabisa.

Ila tazameni na Wales, kule Uingereza. Kule tangu Aprili 2023 halmashauri zinaruhusiwa kumuongezea mwenye nyumba ya pili hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida, halmashauri ya Gwynedd wakaweka 150. Ukitaka nyumba ihesabiwe biashara uepuke nyongeza, lazima ilaze wageni siku 182 kwa mwaka. Mwenye kampuni na matangazo anazifikisha, lakini mwenyeji mwenye kijumba kimoja anachokodisha majira ya joto tu anahangaika, na hao ndo waliolia sana.

Sasa ilete sheria kama ile hapa kwetu. Yupo mama wa Jambiani kajenga vyumba viwili uani kwa pesa za mwani, mvua zikianza Machi mpaka Mei hapati mgeni, hata mahoteli mengine yanafunga, hizo siku 182 atazitoa wapi? Yupo na kijana wetu anayeishi Muscat, Oman, aliyejenga Fuoni kidogo kidogo, anakuja Ramadhani na Idi, nyumba ile ndo akiba yake yote. Na zile za Mji Mkongwe zilizofungwa kwa sababu warithi hawajakubaliana, wengine wako Dar, wengine Ulaya, huyo bili utampelekea nani?

Ndo maana mie nasema kodi hii ikija ianze na fleti. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, mgeni haimiliki, lakini fleti kwenye miradi kama ya Fumba ananunua kwa mkataba wa miaka 99, na wapo wanaonunua wakasubiri bei ipande tu bila kulala humo hata usiku mmoja. Hao walipe, tena walipe vizuri. Mwenye vyumba viwili uani aachwe, na nyumba za mirathi zipewe muda mpaka kadhi amalize kugawa.